Shahada ya uzamili ya historia: Mtu husomea nini hasa?

Wengi hudhani anayesomea shahada ya uzamili ya historia huongeza tu majina na tarehe juu ya yale aliyoyasoma katika shahada ya kwanza. Sivyo. Kwanza alisoma historia iliyoandikwa na wengine. Sasa anatakiwa kuandika yake, na kila anachodai akithibitishe.

Kazi hiyo huitwa tasnifu, nayo huanza na swali. Vita vya Maji Maji ni mada, si swali. Swali ni, kwa mfano: kwa nini baadhi ya jamii za kusini mwa Tanganyika ziliingia vitani mwaka 1905 na nyingine zikakaa kando?

Ushahidi wa kwanza ni nyaraka. Mafaili ya utawala wa Wajerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengine yako Berlin. Yale ya mkono yana mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Asiyejua lugha hiyo ni heri aanze kujifunza mapema, au achague swali la kipindi cha Waingereza.

Ushahidi wa pili ni masimulizi. Mwaka 1968 na 1969, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu vita hivyo. Mashahidi hao leo hawapo. Yamebaki maandishi ya mahojiano. Hayo nayo hupimwa kama mafaili yanavyopimwa. Ofisa aliandika huku akijilinda mbele ya mkubwa wake, na mzee anaweza kusimulia huku akitetea ukoo wake.

Kuna wanaomaliza masomo ya darasani kisha wakakwama kwenye tasnifu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, jiulize: swali langu ni lipi? Ushahidi wake uko wapi? Lugha yake naijua? Chuoni yupo msimamizi anayelifahamu eneo hilo?

Na usichelewe. Wazee waliohamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 bado wapo. Wakiondoka bila kuulizwa, kitakachobaki ni maneno ya maofisa waliowahamisha.