Karl Roehl na Istilahi za Dini: Funzo kutoka Usambara

Katika kazi ya kuunda istilahi kuna swali linalorudi mara kwa mara: je, neno la asili ya kigeni ambalo limekwisha kuzoeleka liondolewe, ili mahali pake pachukuliwe na neno la Kibantu? Swali hili si geni. Lilikwisha kujibiwa kwa vitendo, na kwa juhudi ya miaka mingi, na mmisionari mmoja wa Kijerumani aliyefanya kazi na kujifunza lugha katika milima ya Usambara. Huyo ni Karl Roehl, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufariki mwaka 1951. Tumeona inafaa kuyaeleza maisha na kazi yake kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, kwani kufanikiwa kwake na kushindwa kwake vyote viwili vinatuhusu.

Kwanza hatuna budi kunyosha jambo ambalo mara nyingi huchanganywa katika vitabu vya historia. Chama kilichomtuma Roehl kiliundwa Berlin mwaka 1886, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijitafutia makoloni, na miongoni mwa waliohusika na kuundwa kwake alikuwamo Carl Peters. Baadaye Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel, karibu na Bielefeld, alikitia chama hicho nguvu mpya, na mwaka 1906 makao yake yakahamishiwa huko. Ndiyo maana wengi hukiita Misioni ya Bethel. Waasisi hao wa chama hawakuhamia huku. Waliohamia ni waliotumwa. Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, na kabla ya karne ya 19 kumalizika vilikwisha kufuata vituo vya Mtae, Vuga na Bumbuli.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kupambanua kati ya mwasisi wa chama na mwanzilishi wa kituo. Vilevile asimwite mmisionari wa namna hii “mwinjilisti” bila kufikiri. Katika Kanisa la Kilutheri mwinjilisti ni mtumishi mwenye cheo chake maalumu chini ya mchungaji, na kwa kawaida ni mwenyeji wa mahali. Msomaji wa Shume au wa Mlalo akiambiwa kwamba Roehl alikuwa mwinjilisti, atafahamu jambo jingine kabisa. Neno “mmisionari”, ingawa ni la kukopa, halina utata huo.

Roehl hakuwa Mzungu wa kwanza kusikiliza lugha kwa makini katika milima hii. Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 akapokewa na Mfalme Kimweri, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1882, baada ya kufariki kwake. Lakini Krapf alikuwa mgeni wa kupita, na Kiswahili alijifunza Mombasa na Rabai. Roehl alikaa Usambara, akaanza na Kishambaa. Mwaka 1911 alitoa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo, na jambo hili ndilo ufunguo wa kumwelewa. Yeye alikijia Kiswahili kutoka mlimani, hakukijia kutoka pwani. Katika vijiji vya nyanda za juu, kuanzia Mlalo na Mtae hadi Shume, mizizi ya Kibantu ilieleweka upesi kwa sababu ilifanana na ile ya Kishambaa, lakini maneno mengi yenye asili ya Kiarabu yalihitaji kufundishwa. Isitoshe, wamisionari wengi wa Kijerumani wa enzi hiyo waliyatazama maneno hayo kwa hofu, wakiyahusisha na Uislamu. Sababu moja ilikuwa ya lugha, nyingine haikuwa ya lugha. Katika kazi ya Roehl zote mbili zilikwenda pamoja.

Akisaidiwa na walimu wa Kiafrika, miongoni mwao Martin Nganisya, Roehl alitoa Agano Jipya mwaka 1930, na Biblia nzima ikachapishwa Stuttgart mwaka 1937. Humo alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu kadiri alivyoweza. Badala ya “nabii” aliweka “mfumbuaji”. Badala ya “Injili”, “Utume mwema”. Badala ya “milele”, “kale na kale”. Na mahali ambapo wengine husema “kuamini”, yeye alisema “kutegemea”.

Mwaka ule ule wa 1930 alieleza hoja zake katika jarida la Africa. G. W. Broomfield wa Misioni ya Vyuo Vikuu alimjibu katika jarida hilo hilo, akashikilia kwamba maneno yaliyokopwa na kuzoeleka yamekwisha kuwa ya Kiswahili. Wakati huo mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikwisha kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Walutheri wengi wa bara waliisoma Biblia ya Roehl kwa miaka mingi, lakini tafsiri ya umoja, iliyotolewa Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ndiyo iliyoenea.

Tukiyapima maneno ya Roehl moja moja, twaona kwamba hayakuwa mabaya yote. “Mfumbuaji” limeundwa kwa utaratibu safi: kufumba na kufumbua ni vitenzi vya Kiswahili, na mwenye kufumbua ni yule afichuaye lililofichika. Lakini watu walikuwa nalo tayari “nabii”, wala hawakuona upungufu wowote. “Kale na kale” lina shida zaidi, kwa maana “kale” kwa msemaji wa kawaida huelekea nyuma, ilhali jambo linalotajwa huelekea mbele. Neno “utume” nalo humfanya msomaji afikirie kazi ya mtume kabla ya kufikiria ujumbe alioubeba.

Hebu sasa tulinganishe na “kitivo”. Neno hili hufahamika Usambara na Upare kwa maana ya ardhi yenye rutuba, na leo ndilo jina la sehemu ya chuo kikuu inayosimamia fani fulani za elimu. Aidha, “ngeli” lilitoka katika Kihaya likaingia katika sarufi. Maneno haya yalifanikiwa kwa sababu yalikuta pengo. Kwa upande mwingine, “shule” ni la Kijerumani, nalo hakuna anayelishuku, si Shume wala kwingineko. Watoto huenda shule, huingia darasani, na hakuna aulizaye neno lipi limetoka Ulaya na lipi limetoka Uarabuni.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wanaounda istilahi ni huu. Lugha za Kibantu ziendelee kuwa ghala letu, nasi tuchote humo kwanza kila panapokosekana neno. Lakini palipo na neno ambalo wananchi wanalitumia na kuelewana, asili yake pekee isiwe sababu ya kulifukuza. Na kabla ya istilahi mpya kuchapishwa, ipelekwe kwa wasemaji wa pwani na wa mlimani pia, tusikie wanaielewaje pasipo kuelezwa na mtu.