Politekniki Zikiwa Vyuo Vikuu, Fundi Atafunzwa Wapi?

Leo tuache kidogo habari za simu na programu mpya, tuangalie historia ya mafunzo ya ufundi hapa Kenya. Inatuhusu sana sisi watu wa kompyuta.

Mwaka 1948 ilianzishwa Mombasa taasisi ya kuwafunza ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni walichangia fedha. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Mwaka 1966 ikafunguliwa kwa wote, na 1972 ikaitwa Mombasa Polytechnic. Kule Nairobi, Kenya Polytechnic ilikuwa imeanza 1961.

Lakini mafundi wengi hawakupitia huko. Walijifunza juani, kando ya fundi: leo unamshikia spana, kesho unafungua nati, baadaye unaachiwa injini peke yako. Mwaka huohuo wa 1972, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieleza kwamba watu hawa wanazalisha mali, si wazururaji. Hata serikali iliwawekea mlango wao, yaani mtihani wa gredi, kuanzia tatu hadi moja. Fundi ambaye hakusoma sana anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti.

Kisha 2013 politekniki zile mbili zikawa vyuo vikuu kamili. Ni kweli bado zinafundisha diploma. Lakini wazazi wengi walielewa jambo moja tu: ufundi ni ngazi, ukishapanda unaipiga teke.

Matokeo nayaona kazini. Vijana wa atachimenti wanakuja na alama nzuri, wanakueleza hifadhidata ni nini, lakini hawajawahi kurekebisha programu ya mtu mwingine iliyokwama huku wateja wakisubiri. Wakikaa kando yetu miezi mitatu, wakiuliza na kujaribu, wengi wanaiva. Hivyo ndivyo mfua mabati wa Kamukunji anavyofunzwa pia.

Kwa maoni yangu, watengenezaji programu nao wawe na mtihani wa gredi. Mpe kijana mfumo mbovu na siku mbili. Akiutengeneza, apewe cheti chake, awe ametoka chuo kikuu au amejifunzia saibakafe.

Wewe waonaje?