Juba na upimaji wa maji: gharama ya kubadilisha vifaa chakavu vya maabara

Kemia ya umeme huchunguza jinsi umeme unavyoleta mabadiliko ndani ya vimiminika, na jinsi mabadiliko hayo nayo yanavyozalisha umeme. Betri ya simu ni mfano wake wa karibu. Kwa Sudan Kusini, hata hivyo, matumizi yake yenye uzito zaidi huenda yakawa upimaji wa maji.

Mwaka 2017, watafiti kutoka Ujerumani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nywele za wakazi wa maeneo ya visima vya mafuta vya Thar Jath, katika jimbo la Unity. Walikuta viwango vikubwa vya madini ya risasi na bari, wakavihusisha na maji yaliyochafuliwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba risasi isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakina ladha.

Potenshiostati, kifaa kinachodhibiti volti na kusoma mkondo wa umeme, kina uwezo wa kukitambua. Kwa dakika chache huivuta risasi iliyomo majini ikusanyike juu ya elektrodi. Kisha volti hugeuzwa, madini hayo yakayeyuka tena, na mkondo unaotokea hueleza kiasi chake. Kifaa huweza kutoshea juu ya meza ndogo.

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975. Vita vilikilazimisha kuhamia Khartoum mwaka 1989, na kurejea kwake kulianza baada ya mkataba wa amani wa 2005. Miaka hiyo yote ni mirefu kuliko umri wa vifaa vingi vya aina hii. Elektrodi za kioo hukauka na kupoteza usahihi, hata zikiwa kabatini. Potenshiostati yenyewe inaweza kuwa nzima, lakini ikategemea kompyuta ya kale ambayo programu yake haipatikani tena.

Zebaki nayo ni tatizo. Tangu Jaroslav Heyrovský alipobuni njia yake ya kupima kwa matone ya zebaki huko Prague mwaka 1922, iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1959, metali hiyo yenye sumu ilitawala maabara za fani hii. Tangu mwaka 2000 elektrodi zilizopakwa bismuthi zimethibitika kuweza kuchukua nafasi yake katika kupima risasi, kwa hiyo anayenunua vifaa vipya leo hana sababu kubwa ya kuirithi hatari hiyo.

Bei si kikwazo pekee. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitangaza mchoro wa potenshiostati inayoweza kuundwa kwa chini ya dola 80 za Marekani. Inafaa sana kufundishia, kwani mwanafunzi anayeiunda mwenyewe hujua pia kuitengeneza. Kwa utafiti wa kina, kifaa bora zaidi bado kinahitajika.

Msaada wa vifaa vilivyotumika hupokewa kwa furaha, lakini kifaa kisicho na elektrodi za akiba, kemikali za kusahihishia vipimo wala fundi aliyefunzwa hudumu muda mfupi. Panapotegemewa jenereta, kinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka inapaswa kununuliwa pamoja na kifaa chenyewe.