Mtwa Mkwawa na Maarubu ya Wadachi

Miongoni mwa vita vyote ambavyo dola ya Wadachi ilivipigana bara ya Afrika Mashariki, sidhani kama viko vilivyodhihirisha kuliko vile vya Uhehe kwamba mahasimu wawili waweza kupigana miaka saba juu ya ardhi moja, ilhali kila mmoja anatafuta ushindi wa namna yake, ambao mwenziwe hautambui hata akiuona.

Tarehe 17 Agosti 1891 kamanda wa Wadachi Emil von Zelewski, ambaye watu walimlakabu Nyundo, alipita Lugalo, katika nchi ya Wahehe, akiongoza askari zaidi ya mia tatu na wapagazi wao, wakifuatana kwa safu ndefu nyembamba, na mbele yao hapakuwa na wapelelezi wa maana. Wahehe waliojificha vichakani wakainuka kwa mikuki, na kabla bunduki nyingi hazijapata kulia, Nyundo alikuwa amekwisha kufa pamoja na Wazungu tisa na wengi wa askari wake. Hapo mtu angetaraji kwamba Mkwawa, mtwa yaani mtawala wa Wahehe, angeteremka pwani kuutimiza ushindi ule, walakini hakuteremka. Naye hakuwa na haja hiyo, maadamu makusudio yake yalikuwa kuachiwa nchi yake na njia za misafara zilizomletea hongo, licha ya kwamba mashujaa wake wengi nao walibaki Lugalo.

Kwa Wadachi mambo yalikuwa kinyume. Dola iliyopigwa mbele ya raia zake wapya haiwezi kustahamili kuachwa vivi hivi, kwa kuwa haiba yake ndiyo inayokusanya kodi. Kwa hiyo gavana mwenyewe, von Schele, alipanda na jeshi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 akaitwaa Kalenga, makao ya Mtwa yaliyozungushiwa ukuta wa mawe, akapata ghanima ya baruti na pembe za ndovu. Kwa maoni yangu ule ukuta ulimdhuru Mkwawa kuliko kumfaa, kwa sababu ulimpa adui kitu cha kutwaa, na adui yule alijua sana kutwaa vitu. Lakini mwenyewe alikwisha kutoka, na von Schele akarudi alikotoka na fahari ya ngome iliyobomolewa, asiwe na mtu wa kutia naye sahihi ya sulhu.

Toka hapo vita vilibadilika sura. Mkwawa hakuwa tena na mji wa kulinda, na ushindi wake ukawa kuamka kila siku akiwa hajashikwa. Ofisa wa Kidachi Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, alijenga boma Iringa mwaka 1896, akamtawaza Mpangile, nduguye Mkwawa, ili Wahehe wawe na mkuu mwingine wa kumtii. Na haikupata miezi miwili akamnyonga, kwa tuhuma kwamba kwa siri alikuwa akimsaidia Mkwawa, yule ambaye yeye aliwekwa kumrithi. Vyakula vikachomwa, watu wakaona njaa, kisha ikanadiwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa cha Mtwa. Hata hivyo raia waliendelea kumpelekea chakula porini. Kwa hakika kutangaza bei ile kulikuwa ni kukiri kwamba dola yenye mizinga imeupunguza ushindi wake wote ukaenea katika mwili wa mtu mmoja.

Tarehe 19 Julai 1898 kikosi cha sajini Merkl kilimkamata kijana aliyesema kwamba bwana wake yu mgonjwa, yuko karibu na Mlambalasi. Walipokuwa njiani wakasikia mlio wa bunduki. Wakanyemelea, wakaona moto unafuka na watu wawili wamelala kando yake, wakawapiga risasi. Walipowakaribia wakakuta kwamba wote wawili ni maiti, na mmoja ni Mkwawa, aliyekwisha kujiua mwenyewe. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Iringa.

Wala hesabu haikufungwa hapo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwalazimu Wadachi kulikabidhi fuvu la kichwa kile kwa Waingereza katika muda wa miezi sita, nao wasilitoe. Baada ya miaka mingi gavana wa Waingereza, Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, akachagua moja ambalo vipimo vyake vililandana na vya vichwa vya jamaa za marehemu, na tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi, huko Kalenga.