Jinsi ya kulipwa kwa kumuuguza jamaa yako Marekani

WAKENYA wengi waliohamia Marekani hujipatia riziki kwa uuguzi, baadhi wakiwa na leseni kamili na wengine wakiwa wauguzi wasaidizi. Mzazi au mtoto wao anapougua, huzuka swali: je, mtu anaweza kulipwa kwa kumtunza wa damu yake jinsi anavyolipwa kwa kumtunza mgonjwa mwingine?

Inawezekana. Hata hivyo, haki ya malipo humwanzia mgonjwa, wala si cheti cha muuguzi.

Mlipaji mkuu ni Medicaid, bima ya serikali iliyoanzishwa mwaka wa 1965 kwa watu wa mapato ya chini, ambayo kila jimbo huiendesha kwa masharti yake. Isichanganywe na Medicare, bima ya wazee wa miaka 65 na zaidi, ambayo hailipii utunzaji wa kila siku wa muda mrefu.

Kwanza, mgonjwa hufanyiwa tathmini. Mkaguzi huchunguza iwapo anaweza kuoga, kuvaa, kula na kwenda msalani bila kusaidiwa, kisha idadi ya saa za huduma huidhinishwa. Jamaa hulipwa kwa saa hizo pekee, hata akikesha usiku kucha.

Pili, hutazamwa aina ya undugu. Katika huduma za kawaida za nyumbani, kanuni za Medicaid huwazuia wenye wajibu wa kisheria kwa mgonjwa, yaani mume, mke, au mzazi wa mtoto mdogo. Mtu mzima anayemtunza mamake hamo katika katazo hilo.

Aidha, majimbo yanaweza kulegeza kanuni kupitia mipango maalumu. California huwaruhusu hata wanandoa kulipwa, kwa masharti. Huko Colorado, mzazi anaweza kusomea uuguzi msaidizi, kisha akaajiriwa na kampuni ya uuguzi wa nyumbani ili amtunze mwanawe mlemavu.

Tatu, saa za kazi lazima zithibitishwe. Sheria ya mwaka wa 2016 iliyataka majimbo yazinakili kwa njia ya kielektroniki. Kudai malipo ya kazi ambayo haikufanyika ni ulaghai, na muuguzi anaweza kupoteza leseni yake pamoja na kushtakiwa.

Kuhusu kodi, mamlaka ya ushuru ya Marekani iliamua mwaka wa 2014 kwamba malipo mengi ya aina hii hayatozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, mradi mlezi anaishi nyumba moja na mgonjwa.

Tahadhari kubwa inawahusu wanaopanga kumchukua mzazi kutoka Kenya. Mzazi aliyeingia kwa viza ya mgeni hastahili Medicaid ya kawaida. Hata akipewa kibali cha ukaaji wa kudumu, sheria ya mwaka wa 1996 humtaka mtu mzima, kwa kawaida, kusubiri miaka mitano. Mwana aliyejiuzulu akitarajia malipo hayo atajikuta na mgonjwa nyumbani na mshahara hana.

Kwa hivyo, kabla ya kuacha kazi, wasiliana na ofisi ya Medicaid ya jimbo lako. Uliza iwapo mgonjwa anastahili, iwapo undugu wenu unaruhusiwa, na ni saa ngapi zitakazolipiwa. Pata majibu hayo kwa maandishi.