Kamusi za Maneno Magumu nchini Uingereza

Katika karne ya 16 wasomi wa Uingereza walianza kuandika kwa Kiingereza mambo ya tiba, sheria na dini ambayo awali yaliandikwa kwa Kilatini, na kila walipokosa neno walilikopa kutoka Kilatini, Kigiriki au Kifaransa. Wapinzani wao, akiwemo Thomas Wilson aliyechapisha mwaka 1553 kitabu cha balagha, yaani ufundi wa kusema kwa ufasaha, waliyabeza maneno hayo kuwa ya pembe ya wino, kwa maana ya pembe ya mnyama ambamo waandishi walitia wino wao.

Mabishano hayo yalikuwa ya wasomi. Aliyetaabika hasa ni msomaji asiyejua Kilatini. Shule za sarufi, zilizofundisha lugha hiyo, zilikuwa za wavulana, hivyo hata mwanamke wa ukoo wa heshima, aliyejua kusoma vizuri, alikutana katika mahubiri na vitabu vya dini na maneno ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Ni kwa ajili ya wanawake hao, pamoja na watu wengine wasio na elimu ya juu, kwamba Robert Cawdrey, mwalimu na kasisi aliyekuwa amevuliwa wadhifa wake kanisani, alitoa mwaka 1604 kitabu cha A Table Alphabeticall, kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kilikuwa na vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, takriban 2,500, vingi vikiwa na maana fupi ya neno moja au mawili, na vile vyenye asili ya Kigiriki au Kifaransa vilitiwa alama. Cawdrey alichota sehemu kubwa ya maneno yake katika kitabu cha shule cha Edmund Coote cha mwaka 1596, jambo lisilopunguza thamani ya kazi yake, kwani alimfikiria msomaji wake kwa makini kiasi cha kumweleza kwamba ni lazima ajue mpangilio wa alfabeti ili aweze kulipata neno.

Henry Cockeram, katika kamusi yake ya mwaka 1623, aliongeza sehemu iliyoanza na neno la kawaida na kulipatia lile la kisomi, kwa faida ya aliyetaka kuandika kwa madoido. Maneno ya kila siku yalisubiri hadi kamusi ya mwaka 1702, inayodhaniwa kuwa ya John Kersey, ndipo yakaanza kuingizwa kwa wingi.