Jinsi ya kutambua kilichofichwa ndani ya jiwe la kwatzi

MKULIMA wa Mautuma, eneo la Lugari, akichimbua jiwe jeupe lenye vimeta vya manjano, fikira zake huelekea Rosterman na Ikolomani, kusini mwa Kaunti ya Kakamega, ambako dhahabu ilizua msukosuko kuanzia 1931. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria ya ardhi za Waafrika ili kuwafungulia wachimbaji njia, na mgodi wa Rosterman ukaendelea hadi 1952. Dhahabu hiyo ilinaswa katika mishipa ya kwatzi, na wachimbaji wadogo wangali wanaifuata humo.

Kwatzi yenyewe si adimu. Hukwaruza kioo, na ikivunjwa hupasuka kwa mapindo kama chupa. Iliganda kutokana na maji moto yaliyopenya nyufa za miamba, ikafungia ndani yake madini mengine: klorito huipa rangi ya kijani, hematiti huifanya nyekundu, turumalini huonekana kama sindano nyeusi na rutili kama nywele za rangi ya shaba. Ulanga nao humeta, lakini magamba yake hubanduka kwa ukucha.

Kinachowapotosha wengi ni piraiti, muungano wa chuma na salfa. Ikigeuzwageuzwa juani humemeteka na kufifia, ilhali rangi ya dhahabu haibadiliki hata kivulini. Dhahabu ikigongwa hutandazika, piraiti husagika. Ikisuguliwa nyuma ya kigae kisicholainishwa, dhahabu huacha mstari wa manjano, piraiti mweusi wenye ukijani. Tena dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji na piraiti mara 5 tu, ndiposa karai likitikiswa huzitenga.

Hata hivyo piraiti haifai kutupwa kwa pupa. Mara nyingi huandamana na dhahabu ambayo chembe zake hazionekani kwa macho, na hapo ni maabara pekee inayoweza kuamua.

Jiwe likigongwa na kutoa harufu ya kitunguu saumu, huenda lina asenopiraiti, yenye sumu ya aseniki. Kulichoma ni hatari. Vumbi la kwatzi nalo huharibu mapafu pasipo tiba ya kuyarejesha, hivyo ni heri kuponda jiwe likiwa limeloweshwa maji.

Na aliyeona dhahabu shambani mwake ajue kwamba Sheria ya Madini ya 2016 haimpi umiliki wake: madini ni mali ya Jamhuri, na kuyachimba kwahitaji kibali.